Aproni ya Njano Mwisho wa Kamba

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bi Vibanio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila vibanio vya nguo viwili vitatu vimeuma ukosi wa gauni lake, hata akienda msibani. Alikuwa dobi. Alianza kufua angali msichana, nyumba hadi nyumba, kwenye beseni za watu, kisha akapata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akadumu huko mpaka nywele zikashika rangi ya mashuka aliyokuwa akiyafua. Mume alifariki mapema, akamwachia binti mmoja wa kubebwa mgongoni na nyumba ya vyumba viwili yenye ua mbele na bomba la maji. Alimlea yule mtoto baina ya beseni na kamba bila kumpigia mtu magoti, na asiyemheshimu kwa hilo basi hajawahi kukamua blanketi zito akiwa peke yake.

Kufua, alikuwa akisema, hata mvua inafua. Kazi ni kuanika. Na kwa kuanika alikuwa na sheria zake, ole wako uzivunje akiwa karibu. Shati libanwe pindo la chini, si mabegani, maana mabega yakibanwa hubaki na vipembe. Suruali ianikwe kwa miguu. Nguo yenye mfuko igeuzwe ndani nje na ianikwe kichwa chini, ili mfuko uteme maji yake, usije ukakaa nayo mpaka jioni ukaoza. Na kamba za aproni zifungwe vitanzi viwili, zisichezecheze na upepo zikajisokota kwenye nguo za wenzake. Ukimuuliza kwa nini vitanzi viwili na si kimoja, alikutazama kama umemuuliza kwa nini maji yanalowesha.

Aliyezijua sheria hizi kwa machungu ni mkwewe. Huyu alikuwa kinyozi, mtu mpole mwenye maneno machache, jambo la ajabu kwa kazi yake. Alihamia pale baada ya harusi kwa muda tu, mpaka yeye na mkewe wapate chumba chao, na muda huo sasa ulikuwa na mtoto wa darasa la pili. Kila alipoanika nguo, Bi Vibanio alipita nyuma yake akizianua moja moja na kuzianika upya. "Mkwe, shati hili limekukosea nini?" Kinyozi alitabasamu, akaenda zake dukani. Bi Vibanio hakuwa akimchukia, alimwona tu hana jicho. "Macho anayo," alimwambia bintiye, "ila huyaacha dukani pamoja na mikasi."

Yule mtoto wa darasa la pili alikuwa msichana, na mtaa ulimpa jina la Kasuku, kwa kuwa neno likiingia sikioni mwake halikukaa, lilitokea mdomoni papo hapo, tena kwa sauti kubwa kuliko lilivyoingia.

Ugonjwa ulipoingia mjini, duka la kinyozi lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza kufungwa, maana huwezi kumnyoa mtu ukiwa umesimama mbali naye. Shule zikafungwa. Watu wakaamriwa kukaa ndani, ila asubuhi tu waliruhusiwa kutoka kununua chakula. Hospitali ikatenga wodi ya wagonjwa wa ule ugonjwa, na waliofua mashuka ya wodi hiyo wakaombwa kulala hukohuko, kwenye bweni la wafanyakazi, wasije wakaleta maradhi majumbani. Binti wa Bi Vibanio alikuwa mmoja wao. Alirithi nafasi ya mama yake pale kazini, pamoja na aproni yake, na hakusita hata kidogo.

"Mama ana pumu," alimwambia mumewe chumbani. "Nikiuleta ugonjwa humu ndani, wa kwanza ni yeye."

Bi Vibanio alilisikia neno hilo kupitia ukutani, likamkaa rohoni. Tangu siku hiyo kila alipovuta pumzi alijua ni nani anayemlindia.

Siku ya kuondoka, binti alisimama mlangoni na begi lake.

"Nitakuwa nakupigia simu kila siku, mama."

"Simu siiamini. Mtu yuko hoi kitandani, anakwambia mzima kabisa, na wewe unashukuru Mungu. Mimi nataka kitu cha macho."

"Kitu gani sasa?"

"Hiyo aproni. Alfajiri ukishaanika mashuka, ianike mwisho wa kamba, upande wa barabarani. Nikiiona nitajua umeamka na mikono yako ina nguvu."

Aproni yenyewe haikuwa ya hospitali. Bi Vibanio aliishona kwa mkono wake kutokana na pazia kuukuu, njano kama kiini cha yai, na mfuko mmoja mkubwa mbele. Mashine ya kukaushia nguo pale hospitalini ilikufa zamani na hakuna aliyeililia; jua haliharibiki wala halina vipuri. Kwa hiyo mashuka yaliendelea kuanikwa nje, kwenye uwanja wenye uzio wa waya, na mtu akisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, aliziona kamba zote vizuri. Kusogea uzioni ilikatazwa. Na waanikaji waliingia ndani kabla watu wa mtaani hawajaruhusiwa kutoka, kwa hiyo ungeona nguo, aliyeianika usimwone.

Wiki haijaisha, simu nayo ikatoka njiani. Huyu binti, aliyekua akiimbiwa "pekua mfuko kabla ya maji," ambaye katika nguo za watu alikuwa amewahi kuokoa kalamu, funguo, na mara moja meno ya bandia ya daktari mkuu, alichoka siku moja, akavua aproni akaitia kwenye pipa la maji ya moto, na simu yake mfukoni. Ikachemka pamoja na foronya. Habari zilikuja kwa simu ya mwenzake wa kazini, mwanamke aliyeitwa Gambuti kwa sababu ya viatu vyake virefu vya mpira. Bi Vibanio alicheka mpaka akatafuta dawa yake ya kuvuta. "Mtoto wa dobi kafua simu! Na hakuipekua!" Baada ya hapo Gambuti alipiga mara mojamoja, haraka haraka, kusema mwenzake anawasalimu, yuko kwenye mvuke. Simu ya hospitali iliita bila kupokelewa.

Ikabaki aproni. Kinyozi hakutaka mkwewe atoke, kwa umri wake na kifua chake. Bi Vibanio alisema kifua ni chake na barabara ni ya serikali. Wakasuluhishana: leo yeye, kesho kinyozi. Anayerudi hakufika getini kabla Kasuku hajauliza, "Ipo?" Akijibiwa "ipo," Kasuku aliparamia ukuta mfupi wa ua akatangaza, "Ipo! Ipo!" na mtaa mzima ukajua kwamba binti wa Bi Vibanio ameamka salama. Watu walikuwa na habari mbaya za kutosha, hii moja waliingojea na chai.

Ilikuwa zamu ya Bi Vibanio. Alifika kibarazani, akashusha barakoa kidogo apate pumzi, akatazama. Mashuka yalikuwa yamepangwa, na mwisho wake ule unjano. Moyo ukatua. Alikuwa amekwisha kugeuka aende zake, mguu ukakataa. Akatazama tena.

Aproni ilikuwa imeanikwa kichwa juu. Imebanwa mabegani, uso umeelekea barabarani, mfuko umejaa maji na bado unadondosha. Kamba zake hazikuwa na vitanzi. Moja ilikwisha kujisokota kwenye shuka la jirani.

"Huyu si yeye," alisema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Alijaribu kujidanganya, kama tufanyavyo sote. Labda binti alikuwa na haraka. Haraka? Siku uchungu wa kumzaa Kasuku ulipomshika, binti yule yule alitoka hadi getini, akarudi akishika kiuno, akaigeuza soksi moja iliyoanikwa vibaya, ndipo akaenda kuzaa. Mkono uliofundishwa kuanika kabla haujafundishwa kuandika haubadiliki kwa alfajiri moja. Basi mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine. Na kama kamba inashikwa na mwingine, mwanawe yuko wapi?

Aliketi kibarazani, akavuta dawa, akangoja kifua kitulie, kisha akasimama akarudi nyumbani, maana hakuna aliyewahi kumaliza kufua kwa kukaa.

"Ipo, bibi?"

"Ipo," alisema Bi Vibanio. Na haukuwa uongo. Ilikuwepo.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kasuku angeutangazia ulimwengu. Kinyozi alikuwa tayari amekonda kwa kumkosa mkewe, na heri yake hana jicho, acha aendelee kuiona njano akafurahi. Akajikaza kisabuni. Siku hiyo alifua kila kilichomo ndani ya nyumba, hata mapazia aliyoyafua jana yake. Aliyafua akiomba kimoyomoyo, kama ni mapafu yanatakiwa, basi yachukuliwe haya yake mabovu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na ule hakuweza kuukamua ukatoka.

Kesho yake akaenda kinyozi. Alirudi, akasema "ipo" bila kumtazama mtu, akashika ufagio akaufagia ua uliokwisha kufagiliwa. Bi Vibanio alimhurumia. Maskini, akawaza, hajui kitu.

Kisha vita vikaanza. Zamu ya Bi Vibanio ilipofika, alimkuta kinyozi amekwisha kuvaa, yuko mlangoni.

"Mama, leo pumzika. Kuna baridi."

"Baridi ya wapi? Zamu yangu."

"Nitakwendea mimi."

"Kwani aproni imekuwa maiti, iendewe?" Akampita.

Ilipofika zamu ya kinyozi, ni Bi Vibanio aliyetaka kwenda. Hakutaka kabisa yule mtu aitazame ile kamba mara nyingi. Hata asiye na jicho akikazia macho huishia kuona. Siku moja alikosa viatu vyake, akavikuta juu ya kabati, mahali ambapo Kasuku hafiki. Naye akalipiza kwa silaha aliyoijua: akaloweka mashati yote ya kinyozi mapema asubuhi, asiwe na la kuvaa. Kinyozi akatoka na sweta la mkewe, lenye maua kifuani, akapita mtaani kichwa juu. Majirani walimtazama, wakasema ndiyo kufungiwa kwenyewe huku.

Mwishowe walikutana mlangoni, kila mmoja na barakoa yake, mkono wa kila mmoja kwenye komeo.

"Kinyozi, kuna nini huko unachokitaka peke yako?"

"Na wewe, mama?"

Walitazamana. Bi Vibanio ndiye aliyeondoa mkono kwanza.

"Twende wote," alisema.

Wakatoka. Pale kibarazani walisimama bega kwa bega, wakatazama ng'ambo. Aproni ilikuwepo, kichwa juu, imefumbata maji yake. Kinyozi alikohoa kidogo, kukohoa kwa mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama. Ile hakuianika yeye."

Bi Vibanio hakugeuka. "Umejuaje?"

"Mfuko uko juu. Na kamba hazina vitanzi." Akaionyesha kwa kidole. "Miaka yote hii unanianulia nguo na kuzianika upya, ulidhani yananipita? Nilikuwa naona. Vidole tu ndivyo vilikuwa havisikii."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Yeye alijua tangu Jumatatu. "Mbona hukuniambia?"

"Kifua chako, mama. Yeye ameondoka nyumbani kwa ajili ya kifua hicho, halafu mimi nikuue kwa maneno? Na wewe mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani huna jicho," alisema Bi Vibanio, na hapo akacheka, na kicheko kikageuka kilio njiani, vyote viwili vikatoka pamoja. Alimshika kinyozi mkono wa lile sweta la maua. "Nisamehe, mwanangu."

Tangu harusi alikuwa amemwita mkwe, au kinyozi, au wewe. Hilo neno lilikuwa jipya, na kinyozi alilisikia, akainamisha kichwa.

Wakavuka barabara. Mlinzi wa getini alimfahamu Bi Vibanio tangu enzi zake za kazi, na badala ya kuwafukuza alikwenda kumwita Gambuti. Alikuja na viatu vyake vya mpira, akasimama mbali na uzio, akawaona wamesimama wote wawili, akajua siri imefichuka.

"Yuko wodini, mama," alisema. "Wiki nzima sasa. Anapumulia oksijeni. Aliniapisha kabla hawajampeleka: aproni isikose kambani, mama atakufa kwa wasiwasi. Ndiyo nikawa naianika."

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua," alisema Bi Vibanio, kama anamwambia yule aliyeko wodini. Kisha akamtazama Gambuti vizuri, macho mekundu juu ya barakoa, mikono imechubuka kwa dawa. "Umeianika vibaya."

"Eeh?"

"Kichwa juu. Lakini umeianika kila siku, na una mashuka yako na yake ya kufua. Mungu akulipe, mwanangu."

Gambuti akalia. Bi Vibanio alimngoja amalize.

"Kesho usiianike."

"Mama!"

"Kamba tupu naiweza. Nguo ya kudanganya ndiyo siiwezi. Akipona ataianika mwenyewe."

"Na tutajuaje kama…" alisema kinyozi, asimalize.

Hili nalo Bi Vibanio alilitafutia sheria yake, maana mtu bila sheria atashika nini?

"Kwetu watu huita hodi," alimwambia Gambuti. "Wote, tangu zamani. Hakuna anayegonga. Likitokea la kutokea, njoo ugonge mlango. Usiseme neno, ugonge tu. Siku ambayo mlango haujagongwa, nitajua mwanangu anapumua."

Nyumbani, Kasuku aliuliza, "Ipo?" Na safari hii bibi yake alimkalisha mapajani akamwambia kweli yote: mama anaumwa, anatibiwa, aproni haitakuwepo mpaka apone, na mlango wetu hatutaki ugongwe. Kinyozi alitaka kuingilia, akaona hakuna la kuongeza. Kasuku alisikiliza, akalia, akapenga kamasi, akaenda kuparamia ukuta.

"Mama anaumwa!" aliutangazia mtaa. "Na msigonge mlango wetu! Ukigongwa, mama amekufa!"

Sijui kama kuna tangazo lililowahi kutiiwa vile. Jirani seremala aliweka nyundo chini siku hiyo hiyo. Akawa anapiga randa tu na kupaka gundi, na kiti kilichohitaji misumari kikangoja. Muuza maji aliitia kutoka mwisho wa barabara. Waliokuja na chakula waliweka vyungu juu ya ukuta wa ua, wakarudi nyuma, kisha wakaita hodi kwa sauti ya kumwamsha aliyelala mtaa wa tatu. Hata watoto waliocheza mpira walihamia upande mwingine, mpira usije ukapiga mlango ule. Watu ambao hawakuweza kumsaidia yule binti kwa lolote walimsaidia kwa kutogonga.

Kila asubuhi wawili hao walikwenda kuitazama kamba tupu. Mchana walikaa uani. Nywele za kinyozi zilikuwa zimeota ovyo, kwa kuwa kinyozi hajinyoi na vinyozi wenzake walikuwa wamefungiwa makwao, mpaka Bi Vibanio akamkalisha kwenye ndoo na kumkata kwa mkasi wake wa nyuzi. Wakati anakata alimsimulia jinsi mkewe alivyojifunza kuanika akiwa amesimama juu ya ndoo kama ile, hafiki kamba, na hakubali kunyanyuliwa. Kinyozi alijitazama kwenye kioo. Upande mmoja ulikuwa umepanda, mwingine umeshuka.

"Mama, umenianika kichwa chini," alisema, na wakacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya uzioni.

Halafu Gambuti naye hakuonekana tena. Mlinzi alisema ametengwa, alimgusa mgonjwa, hajulikani atatoka lini. Wodini hakuingiliki, na yeye mlinzi haambiwi kitu. Walirudi nyumbani wakilibeba hilo. Kama Gambuti amefungiwa, nani atakayekuja kugonga? Mlango ukinyamaza sasa haukuwa ukisema lolote. Kinyozi alilitamka wazi. Bi Vibanio alifikiri akiwa anasuuza kikombe kilekile kwa muda mrefu.

"Ameshaikabidhi kwa mtu," alisema. "Yule ni mtu wa kukabidhi kazi." Hakuwa na hakika hata chembe. Lakini alimwona kinyozi akishusha mabega, na Kasuku akirudi kwenye mchezo wake, akaridhika. Yeye alijilaza na hofu yake peke yake, kama alivyolala peke yake na mengine mengi, na asubuhi akaamka, akafua, akaanika.

Walikuwa wanajiandaa kutoka asubuhi moja, kinyozi anafunga barakoa, Bi Vibanio anaweka vibanio ukosini, mlango ulipogongwa.

Uligongwa taratibu. Ko, ko, ko. Hodi haikufuata.

Kasuku, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, hakuwa na neno. Kinyozi aliketi chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama, barakoa imening'inia kwenye sikio moja. Huko nje mtaa ulinyamaza. Hata randa ya seremala ilisimama.

"Kaa na mtoto," alisema Bi Vibanio. "Mlango ni wangu, nitafungua mimi."

Kabla ya kwenda alivua vibanio ukosini mwake, kimoja kimoja, akaviweka mezani. Kinyozi alimtazama akifanya hivyo, akafunika uso. Kisha yule mama akanyoosha gauni, akavuta komeo, akafungua.

Kizingitini hapakuwa na mtu.

Karibu na bomba, mbali na mlango, alisimama mwanamke aliyekonda, barakoa usoni, begi miguuni, na kutoka kwenye begi kulichungulia kitu cha njano. Alinyoosha mkono kuonyesha asisogelewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Sauti imeisha, mama. Nimeshindwa kuita hodi. Usije karibu, wamesema nikae kando kwanza."

Bi Vibanio alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Mwili wake wote ulitaka kukimbia, na akili ikaukataza, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, ukijumlisha na mablanketi yote. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni, lakini alipofungua kinywa, alikuwa mkali.

"Tangu lini ukagonga mlango wa kwenu?"

Binti hakuelewa. Hakuelewa kwa nini mumewe yuko sakafuni analia kwa sauti, na nywele zimekatwa na nani vile. Hakuelewa kwa nini majirani wamejaa ukutani, mikono kichwani, na kwa nini seremala, alipomtambua, alikimbilia karakana yake akaanza kupiga misumari kwa nguvu zote kwenye kile kiti, na nyingine kwenye ubao mtupu.

"Leo usingeiona kambani," alisema, "nilikuwa nayo. Ngoja."

Alitoa aproni kwenye begi, akafungua bomba, akaifua. Aliifua polepole, akipumzika kila mara, mkono juu ya goti. Kinyozi alisimama aende kumsaidia.

"Mwache," alisema Bi Vibanio. "Mwache nimwone."

Binti akaisuuza, akaikamua kidogo kadiri ya nguvu zake. Akaigeuza ndani nje. Akafunga kitanzi kimoja, akavuta pumzi, akafunga cha pili. Akainyanyua hadi kwenye kamba, pindo juu, mfuko chini, na maji yakatoka mfukoni yakamwagikia miguu yake. Akaishikilia hapo.

"Vibanio, mama?"

Bi Vibanio alipeleka mkono ukosini, akakuta hapana kitu. Binti naye akaona ule ukosi mtupu, ambao hakuwahi kuuona maisha yake yote, na hapo ndipo alipoelewa walichokuwa wamedhani, akaanza kulia.

"Viko mezani," alisema Bi Vibanio. "Kasuku, niletee vibanio vyangu."

Mtoto alivileta mbio. Bibi yake alirudisha viwili ukosini, vingine akavirusha kimoja kimoja mpaka karibu na bomba, na binti akaviokota akaibana aproni, kimoja huku na kimoja huku. Bi Vibanio aliikagua kutoka mlangoni na hakusema kitu, na kwa yule mama hakuna sifa iliyozidi hiyo.

Kasuku hakungoja kuulizwa. Alikuwa amekwisha kupanda ukutani, katikati ya majirani wote waliokuwa wamesimama pale wakiitazama.

"Ipo!" aliwatangazia. "Ipo!"